Bonsai ya ndani kwa hali ya hewa ya Dar: mwanga, udongo, maji ya kisima na mengineyo (UZI)

Mchekecha_Udongo · #1

Wakuu salaam,

Maswali ya bonsai yanafanana sana. Mti umenunuliwa kwenye bustani za miche barabara ya Bagamoyo, au umeletwa zawadi, umekaa sebuleni mwezi mmoja, sasa majani yote yako sakafuni. Na majibu yanafanana pia, kwa sababu mengi yamenakiliwa kwa watu wa Ulaya: weka dirisha la kusini, nyunyizia majani maji kila asubuhi, weka trei ya maji chini ya chungu, kinga na baridi. Kwa Dar hayo karibu yote ni kinyume. Baridi hatuna, na unyevu wa hewani tunao wa kugawa. Kinachoua bonsai hapa ni giza la chumbani, udongo unaotuamisha maji, na chumvi ya maji ya kisima. Nitayapitia hayo, mengine yatakuja kwa maswali.

Kwanza mti wenyewe. Hakuna mti wa ndani, ipo miti inayovumilia ndani. Neno bonsai kwa Kijapani ni kitu kilichopandwa kwenye trei, halisemi ni mti gani wala ukae wapi. Wa kuanzia ni fikasi. Ile yenye mizizi iliyovimba kama viazi, wanayoiuza kwa jina la ginseng, ni Ficus microcarpa, na haina undugu wowote na ginseng ya dawa. Ile ya ua wa nyumba, yenye majani membamba yanayoning'inia, ni Ficus benjamina. Zote mbili zinavumilia ndani ila tabia zao kwenye mkasi ni tofauti, tutafika huko. Sheflera yenye majani ya mwavuli inavumilia kivuli kuliko zote. Mkwaju, bogenvilia na waridi la jangwani ni miti ya juani, ukiifungia ndani unaihukumu.

MWANGA. Jicho linadanganya. Sebule inayoonekana nyeupe saa 6 mchana, mita 2 tu kutoka dirishani, simu inaweza kusoma lux 200 au 300. Nje juani ni kama 100,000. Pakua programu yoyote ya kupima mwanga, weka simu usawa wa majani ya juu, kioo cha simu kikiangalia dirisha. Chini ya 2,000 fikasi inakula akiba yake, na akiba ikiisha inaanza kutupa matawi. Kati ya 5,000 na 10,000 kwa saa 10 au zaidi inaishi vizuri. Juu ya hapo ndipo unapata majani madogo na pingili fupi, yaani mti unaofanana na mti. Vioo vya madirisha ya aluminiamu vyenye rangi, pamoja na wavu wa mbu, vinakula mwanga mwingi. Fungua kioo, pima tena, utaona.

Kuhusu dirisha: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini, lakini juu sana, linaishia kwenye ukingo wa paa na ndani haliingii. Kwa hiyo dirisha la kusini wanalolisifia Ulaya kwetu ni la mwisho. Chagua la mashariki, lipate jua la saa 1 hadi saa 4 asubuhi. La magharibi linafaa, ila kuanzia Desemba hadi Machi usigusishe majani na kioo, yataungua.

MAJI. Hakuna ratiba. Mtu akikwambia "kila baada ya siku 2" muulize chungu kina kina gani, udongo gani, na kiyoyozi kinawaka saa ngapi. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke karibu na shina hadi chini, kiache dakika 10, kichomoe. Kikiwa kimelowa na rangi imekoza, subiri. Kikiwa na unyevu wa mbali sehemu ya chini tu, mwagilia. Kikiwa kikavu kabisa umechelewa, mwagilia sasa hivi. Ukimwagilia, mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu, ngoja dakika 5, rudia tena. Kikombe kimoja cha kuonjesha juu juu kinalowesha sentimita 2 za juu na kuacha mizizi ya chini ife kwa kiu.

UDONGO nauandikia posti yake, una mambo.

---

Mchekecha_Udongo · #2

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe hadi ishibe, ishike ikiwa imelala. Itadondosha kisha itaacha. Sasa isimamishe kwa upande wake mrefu. Inaanza kudondosha tena! Maji hayakuongezeka, kilichobadilika ni urefu. Chini ya kila chungu kuna tabaka la maji ambalo mvutano wa dunia hauwezi kulitoa, na unene wa tabaka hilo unategemea ukubwa wa chembe za udongo, hautegemei urefu wa chungu. Kwenye ndoo ya lita 20 tabaka la sentimita 4 si tatizo, mizizi ina nafasi juu yake. Kwenye trei ya bonsai yenye kina cha sentimita 5, hilo tabaka ndilo chungu chote. Mizizi inakosa hewa, inaoza, na mti unanyauka huku udongo umelowa. Mwenye mti anaona umenyauka, anaongeza maji.

Dawa yake ni chembe kubwa zisizo na vumbi, milimita 2 hadi 5. Akadama, ule udongo wa chembechembe wa Kijapani wa bonsai, si lazima. Mchanganyiko wa vitu vinavyopatikana hapa, kwa makopo 10: chenga za tofali la kuchoma makopo 5, kokoto ndogo 2, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa 2, mkaa uliopondwa 1.

Tofali: chagua lililoiva, jekundu hadi ndani. Tupia kipande kwenye maji saa 24. Kikilegea na kuwa tope, hilo halikuiva, litaziba matundu baada ya miezi michache. Ponda kwa nyundo ndani ya gunia. Chekecha mara mbili: kwanza kwa wavu wa matundu ya milimita 5, kinachopita chekecha tena kwa wavu wa mbu. Kinachobaki juu ya wavu wa mbu ndicho chako. Vumbi lililopita litupe mbali, usishawishike kulirudisha eti ni udongo mzuri. Karibu nusu ya kazi inaishia kwenye hilo vumbi, ndivyo ilivyo.

Makumbi: ya pwani huwa na chumvi. Loweka siku nzima, mwaga, rudia mara 3.

Kokoto: hapa watu wanakosea sana. Kokoto za mawe ya chokaa na matumbawe zinapunguza uchachu wa udongo na kuusogeza upande wa magadi, na fikasi inaanza kutoa majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani, kwa sababu chuma kilichomo kwenye udongo hakinyonyeki tena. Kabla ya kununua kamulia ndimu juu ya kokoto. Ikitoa mapovu ni chokaa, iache. Kokoto ngumu za aina ya zile za machimbo ya Lugoba, mkoa wa Pwani, hazitoi povu. Mchanga wa ufukweni sahau, ni chumvi, chokaa na chembe ndogo kwa pamoja.

---

Mama_Vyungu · #3

Asante kwa somo mkuu. Swali: mafundi wa bustani wote wanaweka kokoto kubwa chini ya chungu kwanza, ndipo udongo, ili maji yapite. Hujaitaja. Umesahau?

---

Mchekecha_Udongo · #4

Sijasahau dada, nimeiacha makusudi. Maji hayapendi kutoka kwenye chembe ndogo kwenda kwenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu ushibe kabisa. Kwa hiyo ukiweka sentimita 2 za kokoto kubwa chini, lile tabaka la maji linapanda na kukaa juu ya kokoto, palepale kwenye mizizi. Umepoteza sentimita 2 za chungu ambacho kina 5 tu. Weka kipande cha wavu juu ya tundu ili udongo usitoke, basi. Udongo uwe mmoja toka chini hadi juu.

Wanaofanya hivyo kwenye vyungu virefu hawaoni madhara kwa sababu nafasi ipo.

---

PostaGhorofani · #5

Wakuu, fikasi ginseng iko ofisini maeneo ya Posta, dirisha la magharibi lenye kioo cha giza, kiyoyozi kinawaka toka saa 2 hadi saa 11. Ina wiki 3 tangu inunuliwe. Inapukutisha majani 5 au 6 kwa siku, mengine ya njano, mengine ya kijani kabisa. Matawi bado yako sawa. Nianzie wapi?

---

Mkasi_Mkali · #6

@PostaGhorofani anza na ukucha. Kwaruza gome kidogo sana kwenye kitawi. Chini yake kukiwa kijani na utomvu mweupe ukatoka, tawi lina uhai. Kahawia na kavu, limekufa hadi hapo. Shuka taratibu mpaka ukute kijani.

Majani yanasema hivi. Fikasi ikihamishwa kutoka bustani yenye mwanga kuja ofisini, majani iliyotengeneza kwa ajili ya mwanga mkali hayalipi tena, inayatupa. Ya ndani na ya chini huanza, yakigeuka njano kwanza. Hilo linakwenda wiki 3 hadi 6 na si ugonjwa, mradi uone matumba mapya yaliyochongoka kwenye ncha za matawi. Majani ya kijani kuanguka ghafla ni kitu kingine: kiu kali, au upepo wa kiyoyozi unaopiga moja kwa moja. Nyuzi 22 hazina shida kwa fikasi. Shida ni hewa kavu inayokimbia juu ya majani ikinyonya maji haraka kuliko mizizi inavyoleta. Shika karatasi nyepesi mahali ulipo mti, ikitikisika sogeza mti. Majani yakinyauka na kuwa meusi kuanzia ncha, ukinusa udongo una harufu ya mtaro, hiyo ni mizizi kuoza.

Miti ya bustani huwa kwenye udongo mwekundu mzito au makumbi matupu. Yakikauka kabisa, makumbi hayapokei maji, yanapita pembeni tu kati ya udongo na chungu. Zamisha chungu kizima kwenye ndoo dakika 15 mpaka mapovu yaishe, kisha kiache kichuruzike.

Kwa mwanga: kioo cha giza cha ofisini hakitoshi. Taa ya LED nyeupe ya kawaida ya wati 20 hadi 30, rangi ya 6500K, inatosha. Ishushe mpaka programu ya simu isome 10,000 kwenye majani ya juu, itakuwa mahali fulani karibu na sentimita 30. Saa 12 kila siku, wikiendi ikiwemo, kwa hiyo weka swichi ya saa. Wati 30 kwa saa 12 ni kama uniti 11 za LUKU kwa mwezi.

Usiuhamishe hamishe. Kila ukibadilisha mahali unaanza hesabu ya kupukutika upya. Na usiweke mbolea sasa, mti usiokua hauna pa kuipeleka.

---

Kisima_Kirefu · #7

Niongezee kwenye maji, maana #1 imegusia chumvi kisha ikapita.

Visima vingi vya Dar, hasa maeneo ya karibu na bahari, vina chumvi kwa sababu maji ya bahari yanaingia ardhini kadri watu wanavyovuta maji baridi. Kipimo kidogo cha mkono cha kupimia chumvi kwenye maji kinapatikana Kariakoo. Kwa bonsai, chini ya ppm 300 (sehemu 300 kwa milioni) mwagilia bila wasiwasi. 300 hadi 600 unaweza kuishi nayo ukisuuza udongo. Zaidi ya 1,000 tafuta maji mengine. Dalili kwenye mti ni ncha na kingo za majani kukauka kahawia, mstari mkali unaotenganisha sehemu iliyokufa na ya kijani, na ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu.

Kwa nini bonsai inaumia kuliko mwembe wa uani? Mti unakunywa maji, chumvi inabaki. Ukimwagilia kidogo kidogo bila kutoa maji chini, unaweka akiba ya chumvi kila siku kwenye lita moja na nusu ya udongo. Kwa hiyo mara moja kila wiki 4 suuza: pitisha maji safi mara 5 ya ujazo wa chungu. Trei ya sentimita 20 kwa 15 kwa 5 ni lita moja na nusu, maana yake lita 7 na nusu, polepole, kwa dakika 20. Sahani ya chini mwaga, usiache mti unyonye tena kilichotoka.

Maji ya mvua ndiyo bora, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati kabla ya kukinga. Ya DAWASA yenye harufu ya klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku mmoja, ingawa klorini kidogo haiui fikasi, watu wanaiogopa bure kuliko chumvi.

---

Mama_Vyungu · #8

Na ile trei yenye kokoto na maji ya kuongeza unyevu hewani, tuiweke au tusiiweke?

---

Kisima_Kirefu · #9

Usiweke. Hewa ya Dar kwa kawaida ina unyevu wa asilimia 70 na kuendelea, fikasi haiombi zaidi. Ile trei ni ya nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi, hewa ikakauka. Hapa unafuga Aedes, mbu wa dengi, na mji huu umepata milipuko ya dengi 2014 na 2019. Toka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10 tu kwa joto letu. Sahani ya chungu imwagwe kila siku na isuguliwe kwa brashi mara moja kwa wiki, maana mayai yanagandia ukutani na kuvumilia ukavu.

Kunyunyizia majani nako ni hivyo hivyo, hakuna faida zaidi ya kuosha vumbi. Kwa maji ya kisima ndiyo kabisa, yanaacha madoa meupe.

---

Tabata_Kijani · #10

Mkuu @Mkasi_Mkali, shusha basi somo la kupogoa na waya. Benjamina iliyokatwa tawi likabaki kijiti kitupu, mwezi wa pili sasa hakuna chipukizi. Ukucha unaonyesha kahawia.

---

Mkasi_Mkali · #11

Hilo tawi limekwenda, likate hadi lilipoungana na shina. Sababu ni ile tabia iliyotajwa #1. Microcarpa ukiikata hadi kijiti inachipua kwenye gome tupu. Benjamina ukikata tawi lisibaki na jani hata moja, mara nyingi inaliacha life. Kwa benjamina kila tawi libaki na majani 2 angalau, na ukitaka kulifupisha zaidi subiri lichipue nyuma ndipo ushuke hatua nyingine.

Kupogoa kwa kawaida: acha chipukizi lifike majani 6 hadi 8, kisha kata libaki na 2. Kata juu kidogo ya jani linaloelekea upande unaotaka tawi liende, kwa sababu tumba la kwapani mwa jani hilo ndilo litakaloamka. Kata katika miezi ya joto, Septemba hadi Machi. Kipupwe, Juni hadi Agosti, mti uko taratibu na vidonda vinachelewa. Ncha za juu zina nguvu kuliko za chini, hivyo juu kata zaidi, chini kata kidogo au usikate kabisa. Ukikata sawasawa kote kama ua, baada ya mwaka juu kumekuwa kichaka na matawi ya chini yamekufa kwa kivuli.

Utomvu mweupe unawasha ngozi na macho, na unachafua nguo moja kwa moja. Futa kwa kitambaa chenye maji. Paka na mbwa wasitafune majani.

Waya sasa. Waya wa aluminiamu wa bonsai ni bora, ila wa shaba wa umeme unafanya kazi, ule wa nyuzi moja ngumu, si wa nyuzi nyingi laini. Wa 1.5 (milimita za mraba) una kipenyo cha milimita 1.4 hivi, wa 2.5 una 1.8, wa 4 una karibu 2.3. Chagua unene wa theluthi moja ya tawi. Kwa tawi laini uache na plastiki yake, inapunguza kukata gome. Urefu wa waya uwe tawi mara moja na nusu. Anzia kwenye shina, zungusha shina mara moja au mbili kwanza ili waya uwe na egemeo, ndipo upande tawi kwa mshazari wa nyuzi 45, ukigusa gome bila kulibana. Unapokunja, waya uwe upande wa nje wa pindo. Kunja kwa vidole gumba viwili, polepole, ukisikia mlio acha.

Fikasi inanenepa haraka kwa joto hili. Anza kukagua wiki ya 3. Waya ukianza kuzama kwenye gome toa siku hiyohiyo, kovu la mzunguko linakaa miaka. Kata kwa plaizi kipande kwa kipande. Kuufungua kwa kuzungusha kinyume ili kuokoa waya kunavunja matawi, na waya wa shaba uliokwisha kukunjwa umekuwa mgumu, hautumiki tena bila kuuchoma moto.

Kuvua majani yote ili yaje madogo: mti wenye afya tu, uliokaa kwenye mwanga wa kutosha, mara moja kwa mwaka, ukibakiza vikonyo. Mti wa ofisini usiguse. Na mingi ya ginseng ya dukani ni ya kubandikiwa, kichwa kimoja na mizizi mingine. Kipogolee kila chipukizi kinachotoka chini ya unganisho, la sivyo cha chini kitashinda.

---

Tabata_Kijani · #12

Nimekupata vizuri. Kuna wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, na sisimizi wanapanda na kushuka. Majani yananata.

---

Mwarobaini_Tosha · #13

Weupe kama pamba ni vidung'ata. Kama kuna vijikofia vya kahawia vimegandia shinani hivyo ni vidugamba. Wote wananyonya utomvu na kutoa maji matamu, ndiyo huo unato, na juu yake huota ukungu mweusi. Sisimizi wanakuja kwa ajili ya utamu huo, na wanawalinda wadudu dhidi ya maadui zao. Kwa hiyo anza na sisimizi: miguu ya meza kwenye vikopo vyenye maji ya sabuni (mwaga na kubadilisha kila siku 3, kumbuka mbu), au pakaa grisi kuzunguka miguu.

Kisha chovya pamba kwenye spiriti ya asilimia 70, gusa kila mdudu mmoja mmoja. Inayeyusha nta yake. Baada ya hapo puliza mchanganyiko: lita 1 ya maji ya uvuguvugu, mililita 5 za mafuta ya mwarobaini, mililita 2 za sabuni ya maji. Sabuni tia kwanza, la sivyo mafuta yanaelea na kuchoma majani. Puliza jioni, chini ya majani hasa, rudia kila siku 7 mara 3. Mara moja haitoshi, dawa haifikii mayai.

Ukikuta majani yamejikunja katikati kama sambusa isiyokaangwa, yana vidoadoa vyekundu vya zambarau, fungua moja. Vidudu vyeusi vyembamba ndani ni thripsi wa fikasi. Dawa ya kupuliza haiwafikii humo. Chuma majani yote yaliyojikunja, yatie kwenye mfuko, funga, tupa. Fikasi za ua wa jirani ndizo ghala lao, watarudi.

Utitiri huja kwenye vyumba vya kiyoyozi: majani yanapauka kwa vidoti vidogo na nyuzi laini chini yake. Hao osha kwa maji ya bomba yenye nguvu kiasi, wanachukia maji.

---

PostaGhorofani · #14

Nimekwaruza, kijani kila mahali. Kiyoyozi kilikuwa kinapiga kweli, karatasi imeruka. Sasa lini nibadilishe udongo, na mbolea?

---

Mchekecha_Udongo · #15

Usibadilishe mpaka uone majani mapya yamekomaa, ndipo mti una nguvu ya kutengeneza mizizi. Isipokuwa kama umenusa ile harufu ya mtaro, hapo ni dharura, toa leo.

Wakati mzuri ni Septemba hadi Februari. Masika nayo inawezekana, mradi chungu kisikae mvuani bila udongo wa chenga. Kazi yenyewe: usimwagilie siku 1 au 2 kabla ili udongo uachie. Toa mti, kwangua udongo wa zamani kwa kijiti kuanzia pembeni kuelekea shinani. Udongo wa bustani ukiwa mfinyanzi, suuza kwa maji mpaka mizizi ionekane. Kata isiyozidi theluthi ya mizizi, ukianza na mieusi iliyooza na ile minene inayoelekea chini, uache ile myembamba. Kama mizizi mingi imeoza, punguza na majani kwa kiasi hichohicho. Viazi vya ginseng visikatwe, humo ndimo akiba ilimo.

Pitisha waya kwenye matundu ya chungu, weka kilima cha udongo, kalisha mti, fungia mizizi kwa ule waya. Watu wanaruka hatua hii. Mti ukitikisika hata kidogo, vizizi vipya vyenye unene wa uzi vinakatika kila upepo au kila ukiinua chungu, na unabaki unashangaa kwa nini hauanzi. Ingiza udongo kati ya mizizi kwa kijiti, kusiwe na pango. Mwagilia mpaka maji yanayotoka yawe meupe bila vumbi. Kivulini wiki 2 hadi 3, kisha rudisha kwenye mwanga.

Mbolea baada ya wiki 4. NPK 17:17:17 ya duka la pembejeo inatosha: kijiko cha chai kimoja cha kupima, takriban gramu 5, kwenye dumu la lita 5, koroga, acha usiku mmoja, mimina maji ya juu na uache mashapo. Kila wiki 2 kwenye mti unaokua, kwa mti wa ndani nusu ya kipimo hicho. Udongo uwe na unyevu kwanza. Samadi ya kuku mbichi usikaribishe ndani, inaunguza mizizi na itakufukuzisha ofisini.

Rudia kubadilisha udongo kila miaka 2 au 3, au pale maji yanapochukua zaidi ya nusu dakika kuzama.

---

Kigamboni_B · #16

Wakuu, ile bonsai yenye majani kama sindano, aina ya juniper, imetoka Afrika Kusini. Inafaa ndani kwa Dar?

---

Mkasi_Mkali · #17

Haifai ndani popote, na kwa Dar hata nje ni shida. Juniper nyingi za bonsai zinahitaji msimu wa baridi ili zipumzike. Hapa usiku wa Julai unashuka kwenye nyuzi 18 au 20 tu. Itabaki kijani miezi kadhaa hata ikiwa imekwisha kufa, sindano zake zinachelewa kubadilika rangi, ndiyo maana inawadanganya wengi. Ukipenda umbo hilo tumia mvinje, imejaa pwani yetu, inapogoleka, inavumilia chumvi. Ila ikae nje juani.

---

Mama_Vyungu · #18

La mwisho wakuu, ninaweza kupata mti mnene bila kununua? Ua wa benjamina upo.

---

Mchekecha_Udongo · #19

Unaweza, kwa kuotesha mizizi tawi likiwa bado mtini. Chagua tawi la unene wa sentimita 2 hadi 4 lenye mpindo mzuri. Menya gome kuzunguka lote, upana mara mbili ya unene wa tawi, kwangua ute wote wa kijani mpaka ubaki mti mweupe. Ukiacha uzi mmoja wa gome unaziba tena na mizizi haiji. Futa utomvu. Funga konzi 2 za makumbi yaliyooshwa na kukamuliwa, zungushia nailoni, kaza juu na chini kwa kamba, kisha funika kwa karatasi nyeusi. Fanya Novemba au Machi, mvua zikianza. Wiki 4 hadi 8 utaona mizizi myeupe kupitia nailoni. Subiri ianze kuwa kahawia na kugawanyika, kisha kata chini yake kwa msumeno, usitawanye makumbi, panda kwenye kikapu au beseni lenye matundu kwa mwaka mzima kabla ya trei. Siku ya kukata punguza matawi nusu, ila benjamina, kila tawi libaki na majani yake mawili.